Herufi Zenye Visigino

Kipupwe cha mwaka 2018, nikiwa na umri wa miaka hamsini na tatu, niliketi jikoni kwangu Ilomba, miguu ikiota moto wa mkaa, nikachora herufi a ndogo mara nyingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kuichora. Sikuwa najifunza kuandika. Hilo nilikuwa nimekwisha kulimaliza. Nilikuwa natafuta umbo la herufi zitakazofaa kuchapia kitabu kimoja tu, riwaya niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kusoma, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa imechapwa kwa herufi zisizoistahili. Kila a niliyoichora ilikataa kusimama. Nilikuwa nazichora nyuma ya kalenda za ukutani, na kalenda zilizokwisha kuharibika zilikuwa zikienda kuwashia jiko.

Kuchora herufi nilikuanza kabla ya kusoma. Niliolewa mwaka 1984 na mchora vibao, mzaliwa wa Kalenga aliyehamia Mbeya kutafuta kazi. Kwetu sikupelekwa shule, kwa sababu nilikuwa binti wa kwanza na wadogo zangu walihitaji mgongo wa kubebwa. Mume wangu aligundua mapema kwamba mkono wangu hautetemeki. Yeye alipiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, akachora kingo za herufi kwa penseli, akashuka ngazi. Mimi nikapanda kujaza rangi. Tulifanya kazi hivyo kwa miaka ishirini na minne. Nilijaza DUKA LA DAWA, nikajaza SALUNI, nikajaza NYUMBA HII HAIUZWI kwenye kuta za ndugu waliogombana, wala sikujua neno hata moja linasema nini mpaka aniambie. Kwangu B ilikuwa mtu mwenye matumbo mawili, na S ilikuwa ile inayokula muda.

Mume wangu alifariki tarehe 14 Machi 2009. Siku ya kuondoa matanga ukoo uligawa vitu vyake kwa desturi. Vyombo vya kazi, yaani brashi, uzi wa chaki na ngazi, vilikwenda kwa mdogo wake, kwa sababu chombo cha kazi cha mwanamume hurithiwa na mwanamume. Shemeji yangu huyo anauza vipuri vya pikipiki Mbalizi, na hajawahi kushika brashi isipokuwa ya viatu. Brashi zile zilipanda darini kwake zikakauka. Ninalitaja jambo hili ili ieleweke kwamba kila mstari niliokuja kuuchora baadaye, niliuchora kwa brashi niliyoinunua mwenyewe.

Januari 2012, nikiwa na miaka arobaini na sita, nilijiandikisha katika darasa la watu wazima. Mwalimu alipata taabu kunielewa. Niliweza kuchora herufi kubwa ubaoni zikanyooka kuliko zake, lakini sikujua zinavyotamkwa. Na herufi ndogo sikuwa nimewahi kuzigusa, maana hazipandi ukutani. Nilijifunza ndogo kwa uchungu, kama mtu anayekutana na watoto wa rafiki zake wa siku nyingi na kuambiwa kwamba hawafanani na wazazi wao.

Riwaya yenyewe niliisoma mwaka 2017. Sitaitaja jina, kwa kuwa hapa nasimulia herufi. Inamhusu mwanamke anayeondoka nyumbani kwa mumewe akiwa na kitu kimoja tu, jiwe lake la kusagia, na kitabu kizima ni safari yake ya kupanda mlima akiwa amelibeba kichwani. Niliimaliza, nikaanza tena siku ileile. Mara ya pili ndipo nilipoanza kukereka. Kitabu kilikuwa kimechapwa kwa herufi nyembamba, zilizolala upande, kama za kadi ya mwaliko wa harusi. Mtu aliyebeba jiwe kichwani halali upande. Shingo yake hunyooka, na uzito wote hushuka miguuni. Mimi nimebeba maji, nimebeba kuni, nimebeba makopo ya rangi. Nilijua anavyosimama yule mwanamke, na nilijua kwamba aliyechagua zile herufi hakujua.

Basi nikaamua kuzichora mwenyewe: herufi zilizonyooka, shingo nyembamba, miguu mizito yenye visigino. Kusema ni rahisi. Tatizo la kwanza lilikuwa ile a, kwa sababu ukurasa wa Kiswahili umejaa a kama ugali ulivyojaa unga. Nilipoichora nzito, ukurasa ulionekana kama maharage yaliyomwagika. Nilipoipunguza, mwanamke wangu akawa amebeba sufuria tupu. Nilifika mwisho wa mwaka 2018 nikiwa na herufi tisa ninazoweza kuzitazama bila hasira, na mwisho wa mwaka 2019 nikiwa nazo zote, ndogo na kubwa. Zile kubwa hazikunisumbua. Zilitoka mkononi karibu zenyewe, nami nikafurahi, bila kujiuliza zimetoka wapi.

Mjini Mbeya kuna steshenari ya bwana mmoja ambaye wazee wake walitoka pwani. Ana mashine ya kunakilia picha na programu ya kugeuza michoro kuwa herufi za kompyuta, kazi anayoifanya zaidi kwa ajili ya mihuri na fulana za vikundi. Nilimpelekea bahasha yangu mwaka 2020, mwanzoni mwa kipupwe.

"Mama, shikamoo. Hizi umechora kwa mkono?"

"Marahaba. Kwa mguu ningeshindwa."

Alicheka, akazitazama moja moja. Kisha akahesabu, akahesabu tena. "Zimepungua mbili. Hakuna q wala x."

"Kiswahili hakina q wala x."

"Mimi najua, mama. Programu haijui. Ukiziacha, itajaza nafasi hizo kwa herufi zake, zile nyembamba."

"Ijaze. Nani atakayeziona?"

"Mimi nitaziona. Nikitaka kuandika Qatar je? Mwanangu yuko huko."

Nilirudi Ilomba nikiwa na hasira ya mtu aliyetumwa dukani kununua asichokula. Kipupwe kile chote kiliishia kwenye q na x, kubwa na ndogo, herufi nne ambazo sikuwa nimewahi kuziandika maishani. Q kubwa nilimpa kisigino chini ya tumbo, akasimama. Huyo ndiye pekee aliyenipa amani upesi, pengine kwa sababu sikuwa na matumaini naye.

Baada ya hapo yule bwana aliniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia: kwamba herufi hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye nafasi kati yake. Kwenye kibao nafasi huamuliwa kwa jicho, neno kwa neno, na kibao kina maneno manne. Kitabu hakina mtu wa kusimama na kutazama kila neno. Visigino vyangu viligongana. Mbaya zaidi ilikuwa w, ambayo chini imechongoka na haina kisigino, na Kiswahili hakiwezi kusogea hatua mbili bila kwa na mwa. Kila palipokuwa na neno kama hilo palionekana pengo, kama jino lililong'oka. Tulikaa naye tukisogeza w mbele na nyuma masika nzima.

"Mama, imetosha," aliniambia siku moja. "Msomaji haoni hivi."

"Msomaji anajikwaa hata asipoona jiwe."

"Basi nikuletee chai."

Mwezi Oktoba 2022 nilipanda basi kwenda Iringa. Anwani niliipata kwenye ukurasa wa pili wa riwaya: ni nyumba ndogo ya uchapaji, nami nilikuwa nimebeba kurasa tatu za riwaya ile zilizopangwa upya kwa herufi zangu. Msimamizi wa uchapaji ni mwanamke wa makamo, mkavu, asiyetoa sifa. Aliziweka mezani pembeni ya kitabu cha zamani, akavua miwani, akaivaa tena.

"Huyu anapanda," alisema.

Sikumwuliza nani. Aliniambia kwamba wanaandaa toleo jipya, kwamba wangependa kutumia herufi zangu, na kwamba kwenye ukurasa wa pili, chini ya jina la mwandishi, ingeandikwa Herufi zimechorwa na, kisha jina langu. Nilimwomba arudie. Jina langu lilikuwa limechapwa mara moja tu maishani, kwenye tangazo la mazishi ya mume wangu, na hata hapo halikuwa jina langu, niliandikwa mjane. Kuanzia siku ile sikutaka kitu kingine chochote kutokana na kazi hii ila mstari ule mmoja.

Krismasi ya mwaka huo tulikusanyika Kalenga, nami niliwaonyesha wakwe zangu karatasi yangu moja. Niliwaeleza na habari za Iringa, maana nilitaka waone. Walipongeza, wakaendelea na pilau. Shemeji yangu peke yake aliishika karatasi muda mrefu, na mwezi Januari nilipigiwa simu kutoka Iringa. Msimamizi alinieleza, kwa sauti ya mtu anayesogeza kiti nyuma, kwamba ndugu wa marehemu mume wangu amefika ofisini akidai kuwa herufi ni za kaka yake na jina linalopaswa kuandikwa ni la kaka yake. Wao hawataki kesi. Tulete karatasi ya makubaliano ya familia, iliyogongwa muhuri, au watatumia zile herufi za zamani.

Shemeji alikuja mwenyewe Ilomba mwezi Februari. Hakuja kwa shari. Alileta hata mkungu wa ndizi.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Karibu."

Aliketi, akanywa chai kikombe kizima ndipo akaanza. "Shemeji, ile A ni ya kaka."

"A ni ya watu wote."

"Ile iliyoegemea vile ni ya kaka. Ipo mpaka leo kwenye ukuta wa gereji pale Mbalizi. Naipita kila siku."

"Nani aliyeipaka rangi?"

"Anayepaka nyumba chokaa haitwi fundi aliyeijenga."

"Na anayerithi brashi akaitupa darini, yeye anaitwaje?"

"Anaitwa mrithi," alisema, na hakuwa anatania. Kisha akaongeza kwa upole ulioniudhi kuliko ukali: "Kaka hakuacha mtoto, shemeji. Jina lake litaandikwa wapi, kama si humo?"

Nilimchukia kwa kuliuliza swali hilo. Ukweli ni kwamba vibao vya mume wangu vinafifia. Kila mwaka kimoja kinapakwa upya, kingine kinafunikwa na bango la kampuni ya simu. Lakini mimi pia nina jina, na mimi ndiye niliyekaa miaka na ile a.

Kikao cha ukoo kiliitishwa Kalenga, Jumamosi, tarehe 15 Julai 2023. Kilifanyika sebuleni kwa baba mdogo wa marehemu, kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe, wakati watoto wamefukuzwa uani. Mzee huyo ndiye aliyeongoza. Macho yake yamechoka, kwa hiyo nilikuwa nimemchapia karatasi mbili kubwa: juu herufi kubwa zote, chini ndogo zote.

Shemeji alisema maneno yake ya gereji na chokaa. Zamu yangu ilipofika nilisimama.

"Baba, naomba mtu mmoja, yeyote, anitajie kibao kimoja ambacho marehemu aliandika kwa herufi ndogo."

Walitazamana. Aliyejibu ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, ambaye hajawahi kunipendelea katika jambo lolote. "Hakuna," alisema. "Mimi nilimwomba aniandikie Karibu wateja kwenye genge langu, kwa ndogo, maana niliona zinapendeza. Alikataa. Alisema ndogo ni za barua, mtu wa kwenye baiskeli hazioni. Akaniandikia kubwa, genge likafanana na zahanati."

Watu walicheka, nami nikaketi nikidhani nimeshinda. Sikuwa nimefikiria kwamba hoja inayokata inaweza kukata pande zote mbili.

Mzee alisogeza karatasi karibu na uso. "Hizi za juu nazifahamu," alisema. "Ndiye mwanetu huyu. Namwona kabisa. Hizi za chini hata sizioni vizuri. Basi jambo ni jepesi. Kubwa ni za marehemu, ndogo ni za mama."

"Baba, hazigawanyiki," nilisema. "Zimechorwa ziwe mwili mmoja. Kisigino cha kubwa ndicho kisigino cha ndogo."

"Mama, nyumba hii imegawa ng'ombe tangu enzi za babu yangu. Ng'ombe naye ni mwili mmoja."

Walicheka tena, wifi yangu kuliko wote. Nilieleza kuhusu riwaya, kuhusu mwanamke na jiwe, kwamba hata zile kubwa nilizinenepesha miguu kwa ajili yake, jambo ambalo marehemu hakuwahi kulifanya. Walinisikiliza kwa heshima wanayosikilizwa nayo wagonjwa. Hapo mzee aliweka kidole kwenye Q. "Na huyu?"

Hakuna aliyemdai. Shemeji alisema marehemu hakuwahi kuandika kitu kama hicho. Kuhusu X walianza kusema vivyo hivyo, lakini wifi akakumbuka kibao cha X-RAY cha hospitali fulani, alichokiandika marehemu kabla ya kunioa, na X ikaenda kwa marehemu. Kwa hiyo nilitoka sebuleni pale nikiwa na herufi ndogo zote, na Q kubwa.

Msimamizi wa Iringa, nilipompigia, alisema mgawanyo huo wanaweza kuufuata: majina mawili, mstari mmoja kila jina. Halafu akauliza lile ambalo mtu yeyote angeuliza. "Mama, kwa nini usichore kubwa nyingine? Uwaachie hizo, uwe na zako."

Niliitumia Agosti yote kujaribu. Nilinunua karatasi nzuri, si kalenda. Nilichora A iliyosimama wima, nikaiacha usiku kucha, na asubuhi niliiona imeegemea. Nilichora R, mguu wake ukatoka nje kwa namna ninayoijua. Nilijaribu kwa mkono wa kushoto. Nilijaribu nikitazama zile ndogo tu, nikijiambia kwamba sijawahi kuona kibao maishani mwangu. Kila nilichokichora kilikuwa na kingo zilizokwisha kupigwa penseli na mtu mwingine, nami nilikuwa juu ya ngazi nikifuata. Miaka ishirini na minne ya kujaza ilikuwa imeingia kifundoni mwa mkono, na hakuna darasa la watu wazima linalofundisha kuitoa. Kilichonikera kuliko hukumu yenyewe ni kuona kwamba watu wasiojua lolote kuhusu herufi, kwa kutazama tu, walikuwa wamekosea nusu tu.

Makubaliano yalithibitishwa katika ofisi ya mtendaji wa kata, Kalenga, Ijumaa, tarehe 8 Septemba 2023, asubuhi. Shemeji ndiye aliyeandaa karatasi, amechapa nakala tatu Mbalizi. Mtendaji, kijana mwenye tai, aliisoma kwa sauti kama ilivyo kawaida. Kifungu cha kwanza: herufi kubwa, isipokuwa Q, ni kazi ya marehemu, na jina lake litatangulia. Kifungu cha pili: herufi ndogo, pamoja na Q, zilizojazwa na mjane wa marehemu.

"Kuna mwenye nyongeza?" aliuliza.

"Ninayo," nilisema. "Kifungu cha pili. Sikuzijaza. Futa hapo uandike zilizochorwa na, kisha uweke jina langu, kama lilivyo kwenye kitambulisho."

"Shemeji, maana ni ileile," alisema shemeji yangu.

"Kama ni ileile, hutapungukiwa kitu."

Mtendaji alimtazama yeye, akanitazama mimi. Shemeji alifikicha macho. Alikuwa amefunga duka kutwa nzima kwa ajili ya jambo hili, na jina la kaka yake alikuwa amekwisha kulipata.

"Mwandikie," alisema.

Mtendaji alipiga mstari mmoja wa kalamu juu ya maneno yale, akaandika mengine juu yake kwa mkono, katika nakala zote tatu, kwa mwandiko mbaya. Kwenye pambizo, kando ya kila sahihisho, shemeji alitia saini, nami nikatia yangu. Muhuri ulipogongwa, wino wa nakala yangu ulikuwa hafifu. Niliirudisha mezani, nikamwomba agonge tena.